Jiwe Nalo Lina Kwao: Juu ya Nini Mawe Yetu Yanaitwa Kamoto, Kambove na Kakontwe

Ndugu mfanyakazi, na wewe mama unayesoma ukurasa huu nyumbani,

Kila siku kazini majina ya mawe yanatajwa. «R.A.T. imeanguka.» «Tumefika katika R.S.C.» «Maji haya yanatoka Kakontwe.» Wengi wamejifunza majina haya kwa kuyasikia mdomoni mwa kapita, bila kuuliza yalitoka wapi. Leo tutauliza. Hatuulizi kwa kupenda elimu tu. Jina la jiwe ni sehemu ya usalama wako. Ukilitaja sawasawa, mwenzako wa zamu inayofuata anajua atasimama chini ya paa la namna gani. Ukilikosea, mwenzako anaingia mahali asipopajua, huku akidhani anapajua.

MAWE YALITANDIKWA KAMA MIKEKA

Mawe yenye shaba ya Katanga hayakutupwa ovyo. Zamani sana, miaka mamia ya milioni iliyopita, mahali tunapokaa leo palikuwa na bahari ya maji mafupi. Matope, mchanga na chokaa vilishuka chini ya maji, tabaka juu ya tabaka, kama mtu anayetandika mkeka mmoja juu ya mwingine. Mkeka wa kwanza uko chini, wa mwisho uko juu. Matope yale yakakauka, yakabanwa, yakawa jiwe.

Baadaye nchi ilisukumwa kwa nguvu kubwa. Mikeka ikakunjwa na kukatika. Huko Kolwezi, mawe yenye shaba yamevunjika vipande vikubwa sana. Vingine vimelala, vingine vimesimama wima, vingine vimegeuka juu chini. Kwa hiyo huwezi kusema: «Jiwe hili liko juu ya kichwa changu, basi lilizaliwa baada ya lile lililo chini ya miguu.» Pengine ni kinyume. Ndiyo sababu kila tabaka lilihitaji jina lake, ili lijulikane popote litakapoonekana, hata likigeuzwa.

MAJINA YA KWANZA YALITOLEWA KWA MACHO

Kampuni ya Union Minière ilianzishwa mwaka 1906. Wataalamu wa mawe waliofanya kazi katika migodi ya kwanza walitazama jiwe, wakaliita kwa namna lilivyoonekana, kwa Kifaransa. Kisha, kwa kuwa maneno yalikuwa marefu, wakayafupisha kwa herufi. Haya ndiyo majina unayoyajua, kuanzia chini kwenda juu kwa mpango wa kuzaliwa:

1. R.A.T., yaani Roches Argilo-Talqueuses, mawe ya udongo na talki. Iko nyekundu, na juu yake iko ya kijivu.

2. D.Strat., yaani Dolomies Stratifiées, dolomiti iliyojipanga katika matabaka yanayoonekana wazi. Dolomiti ni ndugu wa jiwe la chokaa.

3. R.S.F., yaani Roches Siliceuses Feuilletées, mawe ya silika yenye majani majani, kama kurasa za kitabu.

4. R.S.C., yaani Roches Siliceuses Cellulaires, mawe ya silika yenye matundu.

5. S.D., yaani Shales Dolomitiques, matope ya zamani yaliyokuwa jiwe, yenye dolomiti ndani.

6. C.M.N., yaani Calcaire à Minerais Noirs, jiwe la chokaa lenye madini meusi.

Shaba na kobalti hukaa hasa katika D.Strat. na R.S.F., na tena sehemu ya chini ya S.D. Katikati yao imelala R.S.C., ambayo mara nyingi haina mali nyingi. Ndiyo maana mtu wa Kamoto husema kuna madini ya chini na madini ya juu.

Majina haya yametumika vizuri kwa miaka mingi, na yangali yakitumika. Lakini jina la macho lina udhaifu wake, na udhaifu huo tuujue.

JICHO LINAWEZA KUDANGANYA

Tazama C.M.N. Jina linasema ni jiwe la chokaa. Lakini lilipopimwa vizuri, sehemu kubwa ilionekana kuwa dolomiti. Jina linasema tena ina madini meusi. Lakini madini meusi ya kobalti, kama heterojeniti, huzaliwa karibu na uso wa nchi, mahali ambapo hewa na maji ya mvua vimekula jiwe. Ukishuka chini kabisa, pale hewa haijafika, huyakuti. Basi mtu anayetafuta «chokaa yenye madini meusi» kwa kufuata jina tu anaweza kupita katikati ya C.M.N. asiitambue.

Tazama R.A.T. Jina linasema talki. Mawe yalipochunguzwa, madini laini yaliyomo yalionekana kuwa kloriti kuliko talki. Tena herufi hizo hizo zinaita mawe mawili: nyekundu na ya kijivu. Kwa macho ya mfanyakazi ni rangi tu. Kwa mtaalamu ni jamaa mbili. R.A.T. nyekundu imewekwa peke yake, na R.A.T. ya kijivu imeunganishwa na matabaka yaliyo juu yake. Tena mpaka kati ya hizi mbili mara nyingi umevunjika, kwa sababu hapo ndipo vipande vikubwa viliteleza wakati nchi ilipokunjwa. Mtu akisema «R.A.T.» bila kusema rangi, ameficha mpaka wa hatari bila kujua.

Tazama tena Grand Conglomérat, jiwe lile lililojaa kokoto za kila namna, ambalo wataalamu wanasema liliachwa na barafu ya zamani. Neno «grand» linasema ni nene. Lakini unene wake si mmoja kila mahali. Je, mahali ambapo ni jembamba tuliite nini?

JINA LA MAHALI HALICHAKAI

Mgeni akifika kambini, hatumwulizi tu sura yake. Tunamwuliza: «Kwenu wapi?» Sura hubadilika, mtu huzeeka, hukonda, huota mvi. Lakini kwao ni kwao. Wataalamu wa mawe wa nchi nyingi waliona afadhali kufanya hivyo hivyo. Kanuni zao za kimataifa zilichapishwa katika kitabu mwaka 1976, na toleo la pili lilitoka mwaka 1994. Kanuni hizo zinataka jina la jiwe litokane na mahali linapoonekana vizuri.

Kwanza fahamu neno «formasio». Tabaka moja ni kama mtu mmoja. Formasio ni jamaa: matabaka yanayofanana au yanayokaa pamoja, unayoweza kuyafuata na kuyachora katika karata ya nchi. Formasio nyingi zikiunganishwa zinafanya kundi, kama jamaa nyingi zinavyofanya ukoo.

Mtaalamu akitaka kuipa formasio jina, inampasa afanye haya:

– Achague mahali pa kweli ambapo jiwe linaonekana wazi: mlima, mto, kariere au shimo. Hapo panaitwa mahali pa mfano.

– Achukue jina la mahali hapo, au la karibu, ambalo halijapewa jiwe jingine.

– Aandike jiwe lenyewe lilivyo: rangi, ugumu, madini, unene.

– Aonyeshe mpaka wa chini na mpaka wa juu: linaanza wapi, linaishia wapi, na nani ni jirani yake.

– Aseme linaenea mpaka wapi.

– Achapishe yote katika kitabu au gazeti la wataalamu, ili mtu mwingine aweze kusoma na kwenda kutazama mwenyewe.

Sharti la mwisho ndilo kubwa. Mama anayenunua unga sokoni anajua shauri hili. Kila muuzaji ana kopo lake, na kila mmoja anasema kopo lake ni kamili. Ugomvi unaisha tu kama kuna kopo moja linalojulikana na wote, ambalo mengine yote yanalinganishwa nalo. Mahali pa mfano ni kopo hilo. Watu wawili wakibishana kama jiwe hili ni Kakontwe au si Kakontwe, hawapigani kwa maneno. Wanarudi kulinganisha na jiwe la Kakontwe yenyewe.

MAJINA YA KWETU

Sasa sikiliza majina unayoyajua.

Kamoto, mgodi wa Kolwezi, umeipa jina formasio inayounganisha R.A.T. ya kijivu, D.Strat., R.S.F. na R.S.C. Kambove, kaskazini-magharibi ya Likasi, imeipa jina C.M.N.: leo wataalamu wanaandika Dolomiti ya Kambove. Hawalazimiki tena kusema chokaa wala weusi. Kakontwe, karibu na Likasi, imeipa jina formasio kubwa ya chokaa na dolomiti. Uwanda wa juu wa Kundelungu, kule maji ya Lofoi yanakoanguka zaidi ya meta 300, umetoa jina la kundi zima. Huko matabaka hayakukunjwa sana kama huku kwetu, yamelala karibu sawasawa kama yalivyotandikwa.

Jina jingine limevuka mpaka. Kundi la chini lenye shaba yetu linaitwa Roan. Jina hilo linatoka Zambia, katika mgodi wa Roan Antelope huko Luanshya. Inasimuliwa kwamba mwaka 1902 mwindaji na mtafuta madini William Collier alimpiga risasi swala mkubwa aitwaye korongo, akakuta kichwa chake kimelala juu ya jiwe lenye rangi ya kijani ya shaba. Mawe hayajui mpaka wa nchi, kwa hiyo ukoo mmoja uko huku na huko.

Kazi ya kutoa majina haijaisha. Mwaka 2007 wataalamu Batumike, Cailteux na Kampunzu walichapisha mpango wa mawe yaliyo juu ya Roan. Katika mpango huo yale yaliyoitwa zamani Kundelungu ya chini yanaitwa Nguba. Grand Conglomérat ni formasio ya Mwale, na Petit Conglomérat ni formasio ya Kyandamu. Utasikia bado majina ya zamani shimoni. Si vibaya, mradi wote wanaosikia wanaelewa jiwe ni lile lile.

Tena fahamu: mji ukibadilishwa jina, jiwe halibadilishwi. Mkoa wetu uliitwa Shaba tangu 1971 mpaka 1997, ukarudi kuwa Katanga, na mwaka 2015 ukagawanywa mara nne. Hata hivyo wataalamu wa dunia nzima wanaendelea kuita mawe haya yote «ya Katanga». Jina la jiwe likibadilika kila mara, karata za zamani hazisomeki tena, na asiyeweza kusoma karata ya wazee wake atatoboa mahali penye maji.

JINA LINAKUONYA

Sasa tufike penye kazi. Kila jina lina tabia, na kila tabia ina hatari yake.

Kakontwe na maji. Chokaa na dolomiti huliwa na maji polepole. Ndani yake hufanyika njia na mapango, na maji mengi hukaa humo. Mgodi wa Kipushi uko kandokando ya Kakontwe, na kwa sababu hiyo pampu zake hazipumziki. Uchimbaji ulisimama mwaka 1993, lakini kutoa maji kuliendelea. Mwaka 2011 pampu zilishindwa, na maji yakapanda yakajaza sehemu za chini. Ilichukua miaka kuyarudisha chini, na mgodi ukaanza tena kutoa zinki mwaka 2024. Basi ukisikia «tunakaribia Kakontwe», usisikie jina la kijiji tu. Sikia maji. Tundu likitoa maji ghafula, au maji yakibadilika rangi, simamisha mashini, ondoa watu, mwite kapita.

R.S.C. na vumbi. Hili ni jiwe gumu la silika. Ukilitoboa likiwa kavu, linatoa vumbi jembamba ambalo jicho halilioni, nalo linaingia mpaka chini ya mapafu. Hapo huzaa ugonjwa wa silikosisi. Ugonjwa huu hauji siku moja, huja baada ya miaka. Hauponi, na unaweza kuendelea hata mtu akiwa ameacha kazi. Tena mwenye silikosisi hushikwa na kifua kikuu kwa urahisi. Kwa hiyo: toboa kwa maji siku zote, mwagia maji jiwe lililolipuliwa kabla ya kulipakia, ngoja hewa isafishe mahali, vaa maski ya vumbi iliyo nzima. Usiseme: «Leo ni matundu mawili tu.» Mapafu hayahesabu matundu.

R.S.C. ina matundu pia, na matundu hushika maji. Usidhani kwamba jiwe gumu ni jiwe kavu.

R.S.F. na majani yake. Jiwe hili hupasuka kwa kufuata majani. Likiwa paani na majani yamelala, ubao mzima unaweza kushuka bila kutoa sauti. Ligonge kwa baramini. Likilia kama kengele, limeshika. Likilia kama ngoma, limeachana. Liangushe ukiwa umesimama mahali palipo salama, au tega nguzo.

R.A.T. na utelezi. Ni jiwe la udongo. Likikauka linakudanganya, likilowa linateleza. Katika kariere, baada ya mvua kubwa, tazama ukingo wa juu kabla ya kushuka. Ukiona ufa mpya ambao jana haukuwapo, usiingie chini yake, wala usipeleke mashini. Toa habari.

LAKINI USILITEGEMEE JINA PEKE YAKE

Hapa wengi hupotea. Mahali pa mfano panaonyesha jiwe lilivyo pale. Mbali na pale, jiwe lile lile linaweza kuwa jembamba zaidi, laini zaidi, au limevunjika. Mtoto wa mtu mwema anaweza kuwa mkorofi, ingawa jina la jamaa ni moja. D.Strat. iliyokuwa imara katika mgodi mmoja inaweza kuwa imepasuka katika mgodi mwingine. Jina linakuambia utazamie nini. Jicho, sikio na baramini yako vinakuambia kilichopo leo. Vyote viwili vinahitajiwa.

TOA HABARI SAWASAWA

Mwisho wa zamu, sikiliza namna mbili za kusema.

Namna mbaya: «Kapita, mbele ni R.A.T. tu, hakuna neno.»

Namna nzuri: «Kapita, upande wa kushoto tumeacha R.A.T. ya kijivu, meta tatu hivi, imelowa. Upande wa kulia ni D.Strat., tumeigonga, inalia vizuri. Mpaka wao umevunjika, na paa hapo linatoa vipande. Tumeweka alama.»

Tazama mtu wa pili alivyofanya. Alitaja jina, rangi, unene, hali na mpaka. Ndiyo kazi ile ile anayofanya mtaalamu anapoandika formasio mpya, na huyu hakuhitaji kusoma chuo kikuu. Alichukua dakika moja tu. Kama hujui jina, usilibuni. Sema: «Jiwe silijui, ni jeusi, laini, linashika mikono.» Habari hiyo ina faida kuliko jina la uongo. Kapita naye asimcheke mtu anayesema hajui. Akimcheka leo, kesho mtu huyo atanyamaza.

NENO KWA NYUMBA

Mama, vumbi la R.S.C. halibaki shimoni kama mume wako anarudi na nguo za kazi. Nguo hizo zioshwe kazini kama kuna mahali pa kuoshea. Zikifika nyumbani, usizikung'ute ndani wala mbele ya watoto. Zilowe majini kwanza, kisha zifuliwe peke yake. Mume akikohoa muda mrefu, au akikosa pumzi anapopanda kilima kidogo, msingoje. Mpeleke hospitali apigwe picha ya kifua, na mwambie daktari amefanya kazi katika mawe gani na kwa miaka mingapi. Hapo tena jina la jiwe linasaidia.

Na watoto waelezwe. Mtoto wa Kambove au wa Kakontwe ajue kwamba jina la kwao linasomwa na wataalamu wa nchi za mbali, watu ambao hawajakanyaga hapa. Pengine kesho ni yeye atakayelipa jina tabaka lisilo na jina bado.

TUKUMBUKE

– Jina la macho linaweza kudanganya. Jina la mahali lina pa kurudia.
– Taja jiwe kwa jina, rangi, unene, hali na mpaka.
– Jiwe gumu la silika: maji na maski, kila tundu.
– Chokaa na dolomiti: fikiri maji.
– Jina linaonya, lakini gonga paa kila siku.
– Usichokijua, sema hukijui.

Ndugu, ukiingia shimoni kesho, liulize jiwe lililo juu ya kichwa chako: «Wewe ni nani, na kwenu wapi?» Usipopata jibu, usisimame chini yake.